Safari Niliyomwachia Mama Loretta

Silver Spring, Maryland
21 Novemba 1999

Kwa Dada Nelima mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta umepona kile kikohozi, na kwamba jua limetoka mkaweza kuanika mahindi. Mguu wa Mama unaendeleaje? Mwambie asiache kuukanda kwa maji ya moto, hata kama anadai umepona. Mimi mwilini ni mzima. Bado namtunza yule bibi mzee wa ghorofa ya sita. Siku hizi ananiita kwa jina la binti yake, nami naitika, kwa sababu nikikataa anaanza kulia. Baridi imeingia. Asubuhi nikienda stesheni natoa moshi mdomoni kama sufuria ya ugali.

Dada, nina neno la kukueleza wewe peke yako. Tafadhali usiisome barua hii kwa sauti mbele ya watu kama ulivyozoea.

Unajua Nekesa anachezea timu ya voliboli ya chuo chake. Yeye ndiye anayewawekea wenzake mpira juu ya wavu ili waupige. Kipaji hicho amekitoa kwa marehemu baba yake. Unakumbuka Barasa alivyokuwa akichora uwanja kwa majivu nyuma ya madarasa, filimbi na chaki mfuko mmoja, hata akipuliza anatema chaki na watoto wanacheka? Nikimtazama Nekesa akiinua mikono naiona mikono ile.

Mwezi wa nane alinipigia simu akasema timu itasafiri kwenda Karolina Kusini mwezi wa kumi, mashindano ya siku tatu. Nikamwuliza mji gani. Aliponitajia nilikaa chini. Ni nusu saa tu kwa gari kutoka pale alipolala baba yake. Kocha alikuwa ametenga viti viwili vya wazazi ndani ya basi, na mimi nikaomba kimoja siku hiyo hiyo.

Wewe huhitaji kuelezwa kwa nini. Tangu nilipomzika Barasa kule miaka mitatu iliyopita, mimi na watu wa kanisa na wenzake wa kiwanda cha kuku, sijarudi. Nekesa alikuwa huko nyumbani shuleni, viza yake haikutoka kwa wakati. Wewe ndiwe uliyesimama naye mlipozika shina la mgomba badala ya mwili, na wewe ndiwe uliyeniandikia kwamba alishika udongo mkononi akakataa kuutupa, akasema, "Huyo si Baba." Mpaka wakati huo mtoto alikuwa hajamtupia baba yake udongo. Mimi sipendi kutishia watu kwa mila, lakini nimeona jinsi anavyoinuka na kutoka chumbani mtu akitaja jina la Barasa. Nikasema moyoni, Mungu ametuletea basi.

Ndipo habari ya bendera ikaingia. Huku kila jimbo lina bunge lake na sheria zake, utadhani ni nchi mbalimbali. Kule Karolina Kusini, juu ya jumba lao la serikali inapepea bendera ya wale waliopigana zamani ili utumwa usikomeshwe, na haiwezi kushuka mpaka wabunge wao wakubali. Wamekataa. Kwa hiyo watu weusi wa huku wameombana kwamba kuanzia mwaka mpya mtu asiende huko kutembea wala kufanya mkutano, asiache hata senti yake huko. Vyuo navyo vimeanza kuulizana, je, tuwapeleke watoto wetu wakacheze chini ya bendera ile? Kocha wa kina Nekesa ni mzungu mmoja mpole sana. Alisema wasichana wataamua wenyewe, lakini kwanza wazazi waje wasikie.

Nilifika mkutanoni nimechelewa kutoka kazini. Nikamwona Nekesa amekaa mbele, na kiti cha pembeni yake kimekaliwa na Mama Loretta.

Huyu nilikuwa sijakuandikia vizuri habari zake. Ni mama Mmarekani mweusi, mwalimu, ana nyumba ya zamani kule Takoma Park yenye ukumbi wa mbao mbele. Nekesa amepanga chumba kwake kwa sababu ni karibu na chuo. Alijifunza Kiswahili akiwa msichana, tena akaishi Dar es Salaam mwaka mzima, na anakiongea kama mtangazaji wa redio. Siku ya kwanza alinipokea mlangoni, "Karibu sana, dada yangu, starehe, nyumba ni yako." Mimi nikajibu, "Asante, niko sawa tu," nikajisikia kama mgeni katika lugha yangu. Lakini si hilo lililonichoma. Nekesa mimi nikimsemesha Kiswahili ananijibu Kiingereza. Lakini yeye na huyu wakikaa jikoni wanasema Kiswahili kuanzia chai mpaka vyombo, kwa sababu eti Mama Loretta anataka mazoezi. Na mwanangu anamwita Mama. Mimi ananiita "Mom," kama watoto wa huku.

Basi, mkutano. Mzee mmoja wa kizungu mwenye kofia alisema, "Siasa ni ya wanasiasa. Binti yangu amefanya mazoezi tangu Juni. Bendera itapigaje mpira?" Watu wengine wakacheka. Mama mwingine akamjibu, "Wewe hukumzaa mtoto wa kutazamwa vibaya hotelini." Kelele ikaanza. Mimi nikainuka, Dada, mimi nisiyezungumza hata kanisani. Nikasema kwa Kiingereza changu hiki, "Hata wenyewe wameomba kuanzia mwaka mpya. Safari yetu ni Oktoba. Waacheni watoto waende."

Nekesa akageuka. Alinijibu kwa Kiingereza, nakuandikia kwa lugha yetu. "Mom, kama ni vibaya Januari, Oktoba itakuwaje vizuri?"

Watu wakapiga makofi. Mama Loretta akampapasa mgongoni. Mkono wake ukabaki pale, na mimi niliutazama mkono ule mpaka mkutano ukaisha, wala sikusikia tena chochote. Wasichana waliandika kura kwenye vikaratasi. Tisa walikataa kwenda, watatu wakakubali. Safari ikafa.

Nje nilimwambia, "Nekesa, umesahau baba yako yuko wapi?"

Akasema, "Sijasahau. Lakini siwezi kwenda kwake nimevaa jezi, nikicheza kuwafurahisha watu wa bendera ile."

"Hayo ni maneno yako au ni ya yule mama?"

Alipanda gari la yule mama.

Nakuambia ukweli, Dada, nilikaa wiki mbili na moyo mchungu. Nilikuwa nikijiuliza ni vipi mwanangu analilia mababu wa mtu mwingine na hamlilii baba yake. Nilipokuwa nikimwogesha bibi yangu mzee nilikuwa nikizozana na Mama Loretta kichwani, na humo kichwani nilikuwa nikimshinda kila mara.

Kisha wakaja nyumbani kwangu wote wawili, Jumapili baada ya kanisa. Nikawapikia chapati. Mama Loretta alikula tatu, akasifu, akasema polepole, "Dada Nasimiyu, mimi nilizaliwa jimbo lile. Mama yangu amezikwa huko. Niliapa sitatumia senti yangu kwao mpaka bendera ishuke. Lakini kuwatembelea wafu wetu si utalii. Twende kwa gari langu, sisi watatu. Tutajaza petroli kabla ya mpaka, chakula tutabeba, na kulala tutalala kwa binamu yangu jimbo la jirani. Hatutanunua hata soda."

Nekesa aliniangalia. Macho yake yalikuwa ya yule mtoto wa zamani aliyekuwa akinisubiri langoni siku ya soko. Akasema, kwa Kiswahili, "Twende, Mom. Jumamosi ijayo."

Ningesema ndiyo, kila kitu kingekuwa sawa. Lakini nilijiona nimekaa kwenye gari la mwanamke yule, napelekwa na mwanamke yule kwa mume wangu, kwa wazo la mwanamke yule, na mwanangu akimshukuru. Nikasema, "Jumamosi nina zamu."

"Wewe hufanyi kazi Jumamosi."

"Wamenibadilishia."

Uongo, Dada. Ulinitoka laini kama mafuta. Nilidhani wataahirisha. Nilidhani Nekesa atasema, basi tungoje mpaka Mom apate nafasi. Mama Loretta akauliza kama Jumamosi inayofuata ningeweza, nikasema sijui, kazi zetu hazina uhakika. Nekesa akakunja kitambaa chake cha mezani mara nne, akasema wao wataenda.

Ijumaa jioni alinipigia simu nimwelekeze kaburi. Ule msalaba wa mbao tulioweka najua umekwisha kuoza, na jiwe hatukuweza kununua. Nikamwambia apite kanisa, aingie makaburini, ahesabu safu ya tatu kutoka kwenye ua wa waya, kaburi la mwisho. Nikamwambia ashike udongo kwa kiganja cha kulia na amwite baba yake kwa jina kabla ya kutupa. Nilikuwa nataka kuendelea. Lakini nyuma yake nikasikia sauti ya yule mama, "Mwanangu, mwulize Mama kama tubebe maua," na Nekesa akacheka akasema, "Ngoja, Mama." Nikasema nina maji motoni, nikakata simu.

Jumamosi yote nilikaa kitandani nimevaa sare ya kazi, ili nisije nikaonekana na jirani nikiwa nyumbani bila sare. Umewahi kusikia ujinga kama huo?

Walirudi Jumapili mchana. Nekesa aliingia viatu vina udongo mwekundu, akanikumbatia kwa muda mrefu, jambo ambalo hajafanya tangu afike nchi hii. Alikuwa amelia, uso umemvimba, lakini ulikuwa umetulia. Akaanza kunisimulia. Walihesabu safu tatu. Walikuta kaburi la mwisho halina jina, nyasi zimeota. Alipiga magoti akamwita baba yake, akamwambia habari za chuo na za voliboli, akamwambia, "Mom yuko kazini, anakusalimu." Kisha akatupa udongo. Mama Loretta alisimama nyuma yake amemshika mabega.

Nikamwuliza tu ili niseme kitu, "Kulikuwaje?"

"Kulikuwa na kelele kidogo, Mom. Malori. Barabara iko pale pale nyuma ya waya."

Dada, makaburi yale yana waya pande mbili. Mmoja uko upande wa barabara kuu, mwingine upande wa reli, chini kabisa. Barasa amelala upande wa reli. Siku tuliyomzika treni ya mizigo ilipita, mchungaji akanyamaza mpaka mabehewa yote yakaisha. Mimi nilisema safu ya tatu kutoka kwenye ua. Sikusema ua upi. Nilikuwa nimeshakata simu.

Mwanangu alimlilia mtu tusiyemjua.

Nilimwekea chakula. Alikula, akalala kwenye kochi langu kama mtoto, na mimi nikakaa nikimwangalia. Nilifikiria kunyamaza. Moyo wake umepoa, kwa nini nimtoneshe tena jeraha? Nani atajua? Kwa siku tano nilinyamaza. Ijumaa alinipigia simu, na kwa mara ya kwanza akalitaja mwenyewe jina la baba yake, bila kuulizwa, akicheka juu ya chaki na filimbi. Hapo nikaona siwezi. Kicheko kile kilikuwa kimesimama juu ya kaburi la mtu asiyejulikana.

Nikamwambia yote. Nyua mbili, reli, simu niliyokata. Kisha akauliza kwa Kiswahili, "Kwa nini hukuja?"

"Sikuwa na zamu," nikamwambia. "Nilikuwa na wivu."

"Wivu wa nani?"

"Wa Mama yako."

Akasema tu, "Mwambie mwenyewe," akampa yule mama simu.

Nelima, nimebeba magunia, nimezaa, nimezika mume ugenini. Sijawahi kuinua kitu kizito kama maneno yale. Nilisema, "Mama Loretta, mimi ni Nasimiyu. Mlikosea kaburi kwa sababu yangu. Naomba utupeleke tena." Nilitegemea hotuba nzuri kwa Kiswahili chake cha redio. Aliuliza neno moja tu, "Lini?"

Tunaondoka Jumamosi hii, alfajiri. Nitachemsha mayai na kukaanga kuku, maana kule hatununui kitu. Nekesa anataka mimi nikae mbele ili nielekeze njia. Nimekubali. Usidhani wivu umekwisha. Jana nilipopita kwao nilimsikia tena jikoni akimwita yule "Mama," nikajitia kutafuta viatu vyangu. Lakini safari hii mimi ndiye nitakayejua njia, na mimi ndiye nitakayemshika mwanangu mabega.

Msalimie Mama, na mama mkwe wangu, umwambie kaburi la mwanawe litasafishwa na mkono wa mkewe. Msalimie shemeji fundi, na yule shangazi anayeuza dagaa, na mwalimu mkuu wa shule ya Barasa kama bado yupo. Wanao wote wabusu, hasa yule mdogo niliyemwacha hajaota meno. Mwenyekiti wa akina mama kanisani mwambie atuombee safari, lakini sababu usimwambie.

Na wewe, Dada, Jumamosi ukiamka, kabla hujawasha moto, nikumbuke.

Mdogo wako akupendaye,
Nasimiyu