Mtu Asiye na Faili

Karakana za Nshamba,
Muleba.
17 Novemba, 1974

Kwa dada yangu mpendwa Benigna,

Pokea salamu zangu nyingi. Natumaini hapo Maruku mmeamka salama, kifua cha shemeji kimetulia na migomba imepata mvua. Mimi mwili ni mzima. Mengine nitakueleza polepole.

Barua yako niliipata Jumanne. Unauliza kwa nini mwanao Protase amepakiwa kwenye lori pamoja na wazururaji, akapelekwa kijiji kipya cha rweya, kwenye nyasi tupu ambako mgomba haujawahi kukubali, ilhali ana kazi, na mimi mjomba wake ndiye karani wa utumishi wa hapa hapa. Umeuliza vizuri. Ngoja nijibu kwa mpangilio.

Kazi yangu unaijua kwa jina tu. Hapa kuna karakana kumi na nne: maseremala, washona viatu, wahunzi, mashine ya kusaga. Hakuna mwenye uwezo wa kuajiri karani wake, basi nimewekwa mmoja kwa wote, niwaandikie watu wao mikataba, likizo na maonyo. Nilipewa kitabu cha mwongozo, nikajisomea mwenyewe mpaka kurasa zikalegea. Kinasema kila mfanyakazi awe na faili, na likizo aiombe kwa mkuu wake. Omary fundi viatu, ambaye yuko peke yake, nilimjazia fomu, akajiomba likizo, akajikatalia kwa sababu kazi ni nyingi, akaweka dole gumba mara mbili. Tulicheka. Siku hizo tulikuwa tunacheka.

Shida ilikuwa ndugu. Karibu kila karakana ina mtoto wa kaka anayefanya kazi kuliko wote, na hakuna Mhaya anayekubali kumwandika huyo kuwa mwajiriwa. Nilipompelekea seremala Lwakatare, mdogo wake shemeji, fomu ya Protase, alinitazama kama nimemtukania mama. "Huyu ananiita tata, mimi ni baba yake," alisema. "Nimwandikie mkataba kama mpagazi wa kupita? Si bora uniambie nimfukuze?" Protase naye akaona haya kwa niaba ya baba yake mdogo, akaniomba niiondoe ile karatasi mezani. Basi miaka sita ameranda mbao, ametengeneza nusu ya madawati ya shule za huku, amekula chungu kimoja na Lwakatare, na kwenye kabati langu hayupo.

Hilo halikumdhuru mtu mpaka mwezi uliopita, ilipokuja amri kwamba kila asiye na kazi ahamie kijiji kipya akalime. Afisa alifika kutoka wilayani, akasema kwake yeye mwenye kazi ni mwenye faili. Akapita karakana hadi karakana, mimi nyuma yake nimebeba mafaili kama mtumishi wa misa. Protase tulimkuta na randa mkononi, vumbi la mbao mpaka kwenye kope. Afisa akauliza huyu ni nani. Lwakatare, kwa majivuno kabisa, akajibu kuwa ni mwanawe. Afisa akaandika: anaishi kwa ndugu.

Nimewaambia watu wote, na shemeji nilimtumia ujumbe hivyo hivyo, kwamba mambo yaliishia hapo, mdomoni mwa Lwakatare. Lwakatare mwenyewe anaamini. Tangu lori liondoke hajagusa msumeno. Anakaa mlangoni na kumwuliza kila mpita njia kama ni kosa kumwita mtoto mtoto.

Dada, hayakuishia hapo. Yule afisa hakuwa mtu mbaya. Alinivuta pembeni, akasema, "Karani, huyu naona anafanya kazi. Mfungulie faili leo, niweke saini, yaishe." Ilikuwa shughuli ya robo saa. Lakini Januari nilikuwa nimepeleka taarifa wilayani kwamba hapa hakuna mfanyakazi hata mmoja asiye na faili. Nilisifiwa kwa barua, nikaitundika ukutani. Kumfungulia Protase kulikuwa kuwafungulia mlango na wenzake kumi walio kama yeye, uongo wangu ungeonekana, na mimi niliyeishia darasa la sita ningerudi kuchuma kahawa ya watu. Nikajibu, "Huyo anasaidiasaidia tu, mzee." Kisha orodha ya wazururaji nikaiandika kwa mkono wangu. Ina majina kumi na moja, wote mafundi. La mwanao ni la tatu.

Siku ya lori Protase alinishukuru kwa kumhangaikia. Mkewe Immakulata, na mimba yake ya miezi saba, alikataa kubaki, akapanda naye.

Juzi nilikwenda wilayani kusema ukweli. Afisa yule amehamishwa. Aliyepo alinionyesha taarifa yangu na orodha yangu, akauliza ipi kati ya hizo ni ya uongo. Nikasema zote mbili. Akasema aliyedanganya mara mbili hawezi kuaminiwa mara ya tatu, akaniambia nirudi kazini.

Msalimie shemeji, ukiona inafaa, na watoto wote. Kule rweya bado hakuna posta, barua za Protase zinapitia ofisini kwangu. Ukimwandikia sitafungua. Hata ukimweleza haya niliyokueleza, nitaifikisha mwenyewe mpaka mkononi mwake.

Ndugu yako,
Apolinary