Mwenye Boti Anapofunga Mlango

Kwa Dada yangu mpendwa, fundi wa mafundi,

Salamu zangu zikufikie zikiwa bado za moto. Natumaini goti lako limeacha ukorofi, shemeji bado anakoroma kwa afya njema, na wapwa zangu wanakula kuliko wanavyosoma, maana ndivyo tulivyokuwa sisi. Mimi mdogo wako sijambo, nang'aa kama kijiko cha wageni. Bandari nzima haina mwanamume wa kufanana nami, na hilo silisemi mimi, linasemwa na kioo.

Kwanza kabisa, ile cherehani usiihamishe. Najua barua yangu iliyopita ilikuomba unitengee pembe ya kitanda katika chumba chako cha kushonea, kwa kuwa boti inauzwa, hivyo sisi watatu, nahodha, mpishi na mimi, hatuna kazi tena. Rudisha cherehani mahali pake, halafu ukae nikusimulie.

Uliwahi kuniuliza tunaishije na mwenye boti. Nilikujibu kwa mkato kwamba tajiri ni kama jua, umwote kwa mbali. Ukweli ni kwamba hatukuwa tukiishi naye hata kidogo. Tulimwita Mzee Kimya. Akija anavua viatu ngazini kama sisi sote, maana kwenye sitaha ile ya mbao hapiti mwenye viatu hata awe mfalme. Anasalimia, anauliza hali ya injini kama mtu anayemuulizia mgonjwa. Tukifungua kamba tu, anashuka chumbani kwake, anafunga mlango, ndiyo kwaheri mpaka tutakapofunga kamba tena. Mpishi anapanga meza, samaki kalazwa kwenye sahani kama bwana harusi, wageni wake wanakula, kiti cha mwenye chakula kitupu.

Sasa nahodha wetu ana sheria yake, na anaipenda kuliko mkewe: baharia ana macho ya kuona uchafu, hana macho ya kumwona mwenye boti. Ukikutana naye kwenye ujia, geuza uso, tafuta kitu ukifute. Mlango wake ukifungwa, hata ikipigwa ngoma humo ndani, wewe hujasikia. Kuna kitasa kimoja cha shaba nimekifuta mpaka najiona ndani yake na magego yangu yote. Basi kwa kutomwona, kila mtu akamtunga wake. Mpishi alisema mzee anadharau upishi wake, akawa analia juu ya sufuria bila hata kitunguu. Nahodha alisema anadharau usukani wake. Mimi, mtu wa dunia niliyekanyaga bandari ambazo wewe hujazisikia hata redioni, niliwaeleza kwamba matajiri ndivyo walivyo, wananunua kitu ili wapate cha kukichoka.

Ndipo dalali akamleta mnunuzi. Huyo alitaka kuionja boti kabla ya kutoa neno, tukatoka naye asubuhi, mwenye boti akiwemo. Bahari siku hiyo ilikuwa imeamka vibaya. Mzee Kimya akashuka, akafunga mlango. Mimi niko kwenye ujia na kitasa changu, nikasikia sauti. Dada, sauti ile naijua kama ninavyolijua jina langu. Nikageuza uso, sheria ni sheria. Ikaja tena, kisha puu, kishindo cha mtu kuanguka. Nikasema potelea mbali, kazi yenyewe imekwisha, nikafungua bila hodi.

Mwenye boti alikuwa sakafuni, kaikumbatia ndoo ya bluu ya kudekia, rangi imemtoka kama shati la mwaka juzi. Akaniambia nitoke. Akaniambia nisimwambie mtu. Akasema tangu utotoni alizitazama boti kutoka dirisha la duka la baba yake, akaapa atakuwa na yake, na alipoipata, tumbo likamkana. Ataketije mezani mbele ya mabaharia akiwa hali hiyo? Afadhali auze, yaishe. Akasema watu kama mimi, tuliozaliwa na chumvi midomoni, hatuwezi kuelewa.

Hapa ndipo ninapofika kwenye jambo ambalo sijapata kumwambia mtu. Nilitaka kumjibu, nikashindwa, maana na mimi nilikuwa naitafuta ndoo. Ndoo ilikuwa moja. Tukagawana.

Ndiyo, dada. Mimi, Simba wa Mawimbi, natapika kila tunapotoka bandarini. Nimejifunza kufanya hivyo huku ninaonekana nakagua kamba za nyuma. Na kile kifuko cha tangawizi ulichonishonea nisiwatapikie abiria kwenye basi, ningali nakivaa chini ya sare. Nahodha alikiona siku moja, nikamwambia ni dawa ya mapenzi, akaniheshimu.

Nikakivua, nikamvisha mwenye boti. Nikamwambia adui yake ni ule mlango. Apande juu kwenye upepo, atafune tangawizi, atazame mbali pale maji yanapokutana na mbingu. Tukapanda, kanishika bega mbele ya watu wote. Mpishi akaangusha mwiko. Nahodha akageuza uso, akaanza kuufuta usukani. Baada ya muda mzee akaomba mkate mkavu, akaomba na mwingine, na mpishi akamkatia huku machozi yanamtoka, safari hii ya heri. Tulipofunga kamba akamwambia dalali kwamba boti haiuzwi. Mnunuzi alinuna, dalali akanuna kwa niaba ya ukoo mzima.

Siku hizi anakaa juu na sisi. Kumbe si kimya hata kidogo, ana maneno kunizidi, na hilo limeniuma kidogo. Kifuko changu hataki kukirudisha.

Kwa hiyo nina ombi, cherehani ikishatulia. Nishonee viwili. Kimoja changu. Cha pili nahodha alinivuta pembeni akaniagiza. Anasema ni cha mpwa wake, na uzi uwe mrefu, umfae mtu wa shingo nene. Nahodha alizaliwa peke yake, dada.

Mbusu kila aliye mdogo kwangu, mpe mkono kila aliye mkubwa, na shemeji mgeuze ubavu. Ukiwasomea majirani, pale penye ndoo pafunike kwa kidole.

Ni mimi mdogo wako, mwenye afya na nusu ya ndoo,
Simba wa Mawimbi