Hewa Niliyomtunzia Aidarus

Shimanzi, Mombasa
19 Agosti 1996

Kwa dada yangu Mejumaa,

Pokea salamu zangu na za mke wangu Kadzo. Natumai homa iliyokusumbua ulipokuwa hapa imekuachilia, na kwamba shemeji na watoto huko Malindi hawajambo. Sisi tu wazima, ila mimi usingizi hauji.

Nimesikia umeapa hutamwita Aidarus ndugu tena, kwa kuwa mama yenu alizikwa Kikowani na mwanawe wa pekee wa kiume hakuwepo kumteremsha kaburini. Umesema alichagua kazi akamwacha mama. Yeye hajitetei, kwa kunistahi mimi. Kwa hivyo naandika, na tafadhali soma mpaka mwisho kabla hujaichana.

Asubuhi ile Aidarus alizamia Kilindini kukata kamba iliyojizonga kwenye rafadha, lile panga linalosukuma meli. Alipanda juu upesi kuliko inavyotakiwa, na kiwiko kikaanza kumuuma. Tukamtia kwenye tangi letu la chuma hapa yadi, tukaongeza hewa mpaka maumivu yakatulia. Kutoka humo si kufungua mlango tu. Hewa hupunguzwa kidogo kidogo hadi jioni. Ukiiachia kwa pupa, damu hutoa povu kama soda iliyotikiswa, na mtu huweza kupooza au kufa. Anayeshika koki ni mimi. Aidarus, unavyomjua kwa mizaha, husoma magazeti akaniambia kwamba siku moja watu wataishi ndani ya mawe makubwa ya angani yaliyochimbwa, na kwamba huko nako hawatalala salama bila Charo wa kuwapimia hewa.

Adhuhuri akaja binamu yenu Chonga, anahema, akasema mama amefariki. Nikamjibu kwamba nitamwambia Aidarus, arudi tu nyumbani. Aidarus alimwona kwenye kidirisha, akaniuliza kwa simu ya tangi kulikoni. Nikasema Chonga ameulizia atakula nini usiku. Akasema samaki wa kupaka, na cha mama kisitiwe pilipili.

Wote wanaoniuliza hapa nimewaambia nilidhani mazishi yatangoja, kama kwetu Kaloleni ambako maiti hukaa hata wiki akisubiri jamaa. Aidarus aliamini, akanisamehe. Dada, huo ni uwongo. Chonga alinitajia kwamba mazishi ni alasiri ile ile. Ningemwambia kwamba Aidarus yumo ndani na hawezi kutoka, pengine mngengoja mpaka asubuhi. Sikumwambia, kwa sababu angetaka kusema naye, na Aidarus angenisihi nifungue, nami sijawahi kumnyima kitu. Nilijiogopa. Nikaendelea kushika koki huku mkimzika mama.

Jioni mlango ulipofunguka alinipa mkono, akanishukuru kwa kumtunza. Niliupokea mkono ule kabla ya kumwambia kwamba mama amefariki.

Nikitoka posta nakwenda kwake Kuze kumweleza haya haya. Nimeanza na wewe kwa kuwa uso wako uko mbali. Sikuombi unisamehe. Nakuomba umrudie ndugu yako, maana wakati mnamfukia mama, yeye alikuwa bado anamwagizia chakula.

Nisalimie shemeji na watoto. Kadzo hajui niliyoyaandika, kwa hivyo salamu zake zipokee bila kinyongo.

Ni mimi,
Charo