Sisi Tuliokaa Nyuma ya Shuka

Alhamisi, 22 Januari 1914

Lo! Leo nimewaona watu wasiokuwapo wakitembea. Ndugu yangu Omar asema jambo hili jina lake sinema. Huyo naye, tangu awe karani wa forodha hakuna kitu asichokijua jina. Mimi naita picha, basi. Picha zinazokwenda.

Mgoa mmoja, wale Wahindi Wakristo, kaja na mashine kutoka Mombasa, kaiweka boharini kwa Rajabali mwenye duka, palepale kwenye magunia ya simsim. Katikati wametundika shuka nyeupe, ukuta hadi ukuta. Wanaume mbele, upande wa mashine. Sisi wanawake nyuma. Bila shuka ile kati yetu ni nani angeturuhusu? Bi Rabiabai, mkewe Rajabali, ndiye aliyetupigania. Shuka humwagiwa maji kwanza, ili picha ipenye ije na kwetu. Imenidondokea mpaka nguo zimerowa. Sikujali!

Kulikuwa na bwana mnene aliyefukuzwa na mbwa kwa ajili ya pande la nyama. Nimecheka hadi mbavu zauma. Kisha picha ndefu ya askari aliyekwenda vitani akamwacha mke na mtoto.

Na tumejifunza mengi. Wazungu wanakula, kijiko mkono wa kushoto! Wote, hata watoto, wala hakuna mzazi wa kuwachapa. Chiku shoga yangu kafumba macho kwa kinyaa. Halafu yule mke wa askari akaketi kumwandikia mumewe barua, kwa kushoto vilevile, ila mkono ukaanzia kulia ukaja kushoto. Nikamfinya Chiku: kumbe Wazungu nao huanzia kulia kama sisi! Chiku hajui kusoma wala kuandika, lakini alifurahi kwa kuwa mimi nimefurahi. Ndivyo alivyo.

Jumamosi, 24 Januari 1914

Kutwa nzima kwa Bi Rabiabai, kahawa na ubishi. Yeye atwambia anayekwenda kesho asipoteze macho kwa mbwa, amsubiri askari. Mwenyewe kalia siku mbili. Nikamwambia machozi ninayo nyumbani, ya bure, sina haja ya kuyafuata boharini. Mbwa ndio picha! Chiku yeye alitaka kujua jambo moja tu: askari aliporudi akamkuta mtoto kakua, je, alimwomba mkewe radhi? Nikamwambia hawakuonyesha. Basi haijesha hiyo, asema.

Badi, mumewe Chiku, ndiye kashikwa zaidi. Mshona kanzu huyo, siku hizi sindano kaiweka. Kila asubuhi yuko kwa Manilal sonara, wanabishana picha ipi ilikuwa nzuri. Jioni akirudi amwigiza Chiku yule mnene na mbwa wake, na Chiku hucheka hadi akamate nguzo. Mwaka wa kwanza wa ndoa. Mimi mwaka wangu wa kwanza sikucheka hivyo, na wa pili nikaachika.

Leo Mgoa kapita mjini na sanduku la miguu mitatu, achukua picha za Malindi. Asubuhi kalisimamisha upande wa sokoni, mdomoni mwa kichochoro cha Manilal. Atakwenda kuzisafisha Mombasa, kisha arudi atuonyeshe wenyewe kwa wenyewe. Subhanallah! Kichochoro kile ni chembamba: mlango wa Manilal upande huu, wa Bi Kabibi mjane upande ule, milango pacha ya fundi mmoja. Huyo Bi Kabibi ni mzuri na hana mume, basi midomo haipumziki. Wangu nao umo.

Jumatano, 11 Machi 1914

Mgoa karudi! Leo Malindi yote imepita kwenye shuka. Watu walipiga kelele za majina hata hatukusikia mashine. Punda wa Mramba akirusha mateke sokoni. Rajabali mwenyewe mlangoni pa duka, kifua mbele.

Kisha kichochoro. Mlango ukafunguliwa, akatoka mwanamume acheka peke yake, akaweka kofia sawa, akaurudisha mlango polepole. Badi!

Ukitoka sokoni, kwa Manilal ni kushoto, kwa Bi Kabibi ni kulia. Sisi tunaopita tumejifunika, kichwa chini, twaijua njia kwa upande wake, si kwa sura ya milango. Na yule alitokea kulia. Sikunong'ona. Nilisema kwa sauti: Alaa! Badi huyo, atoka kwa Bi Kabibi!

Mimi ndiye niliyeona wa kwanza. Wenzangu wakaangua kicheko, mmoja akapiga na kigelegele. Chiku hakucheka, alinitazama mimi tu. Picha ilipokwisha alijifunika akaenda zake bila kuniaga.

Nimesema nilichokiona. Macho hayana pazia.

Ijumaa, 13 Machi 1914

Chiku kaja asubuhi, macho mekundu. Kaniuliza, Shekha, una hakika? Nikasema wallahi. Akauliza tena. Wallahi, nikasema tena.

Omar akiwa chakulani aniambia wanaume wote walimwona Badi akitoka kwa Manilal, tena siku picha ilipochukuliwa Omar mwenyewe alikuwa ndani humo, wakibishana habari ya yule askari. Nikamjibu: nyinyi wanaume mwafichana. Kamaliza wali wake, kanawa mikono, katoka.

Nasikia Badi kashika msahafu kaapa.

Jumapili, 15 Machi 1914

Imekwisha. Jana Chiku alimwambia Badi hawezi kukiamini kiapo akayaacha macho yake. Badi naye, hasira zikampanda, akamwambia basi kaa na macho yako. Akampa talaka. Moja.

Chiku kaenda kwa mamake Takaungu. Nilimsaidia kukunja leso zake. Nilinena kwa sote wawili, kwamba bora kujua mapema, kwamba mwanamume mwongo ni heri utengane naye ungali kijana. Wanawake mjini wanisifu, wasema nimemfumbua macho.

Bi Rabiabai kaniletea habari: leo kuna picha ya nyumba inayoungua, nzuri sana, nisiikose. Sikwenda. Kichwa chaniuma.

Jumanne, 14 Aprili 1914

Mvua. Salamu nimezituma Takaungu mara tatu, hazijajibiwa.

Leo msibani nimemkuta Bi Kabibi. Alipoketi, walioko kwenye mkeka ule wakahamia mwingine. Kanisalimu yeye kwanza, ingawa kanizidi umri. Nikasema shikamoo huku natazama kikombe. Marahaba mwanangu, akasema, kwa upole. Kikombe nikakirudisha kimejaa.

Jumamosi, 2 Mei 1914

Ee Mola. Ee Mola wangu.

Omar kaleta kazi ya forodha nyumbani kwa sababu ya mvua. Nilipita nikamwona aandika Kizungu, kalamu yaanzia kushoto. Nikamcheka. Nikamwambia karani gani wewe, Wazungu huanzia kulia, nimemwona kwa macho yangu yule mke wa askari! Akasema, Shekha, Wazungu wote huanzia kushoto. Na yule mwanamke alianzia kushoto, kwa mkono wa kulia. Nilikuwa mbele, asema, nimeona.

Nikasema walakini wanakula kwa kushoto. Akasema nani kakwambia?

Basi nikamsogelea. Nilimpokonya karatasi nikaiinua dirishani, wino upande wa mwanga, mimi nyuma yake. Maandishi yote yalianzia kulia. Nikaigeuza: kushoto. Nikaigeuza tena. Omar aniuliza nina nini.

Sisi tulikaa nyuma ya shuka. Kulia kwetu kulikuwa kushoto kwao. Badi alitoka kwa Manilal. Walisema wote, na yeye akaapa, nami nikasema wallahi mara mbili.

Jumatano, 6 Mei 1914

Siku nne na sijamwambia mtu. Omar kadhani ni homa.

Mimi nimewahi kukaa eda ya talaka, najua inavyohesabiwa. Chiku aliachwa akiwa tohara, si hedhini. Hedhi ya kwanza imepita, ya pili imepita. Ikija ya tatu, yamekwisha: Badi hawezi tena kumrejea kwa neno, ni posa mpya, mahari mapya, ndoa mpya, na nani atakayeposa mahali alipotukanwa? Tarehe zake nazijua kama zangu. Ni wiki hii au ijayo. Na bado nimekaa.

Niandike ukweli, maana hapa hasomi mtu. Naogopa kuchekwa. Shekha mwenye macho makali! Nimepima aibu yangu na nyumba ya Chiku, na siku nne hizi nimeichagua aibu yangu. Tena kuna jingine baya zaidi. Siku ile boharini, nilipotamka jina la Badi, kuna kitu ndani yangu kilifurahi. Kilitaka Chiku naye ajue ilivyo. Yeye aliyekuwa akicheka hadi akamate nguzo!

Majuto ni mjukuu, tuliambiwa tangu utoto. Wangu huyu kaja na meno.

Alhamisi, 7 Mei 1914

Nimesema. Kwanza kwa Omar. Hakunicheka wala hakunigombeza, kavaa kofia kaniambia twende.

Badi alikuwa juu ya kazi. Nimemweleza nimesimama mlangoni, buibui usoni: shuka, maji, kushoto, kulia, yote. Nilidhani ataruka. Akakata uzi kwa meno, akasema, haya, sasa mmejua, Bi Shekha. Lakini mimi nilikwisha kuwaambia.

Nikamwomba amrejee Chiku leo, sasa hivi, neno lenyewe ni moja. Akasema sheria yampa ruhusa, ila hamvuti mtu kwa sheria. Yule mwanamke kanitazama uso kwa uso mwaka mzima, asema, akaja akaiamini shuka ya usiku mmoja. Kwa neno lako simrejei. Kwa neno lake yeye, nitamrejea.

Nikalia palepale mlangoni, sikujali nani apita. Nikasema basi mimi na Omar twamfuata Chiku, na mwisho akasema atafuatana nasi hadi Takaungu. Atakaa msikitini, hatapiga hatua zaidi asipoitwa.

Wakati wa kurudi nilibisha kwa Bi Kabibi. Nilitaka anifukuze. Kanikaribisha, kanisikiliza hadi mwisho, kisha kaniuliza: na wale wa msibani, utawaambia wewe au nitawaambia mimi? Nikasema mimi. Akasema, haya, tutaona.

Jumatatu, 11 Mei 1914. Tezo

Siku ya tatu njiani: punda, matope, mvua, punda. Tumelala kwa Kadii, mama mmoja wa Kigiriama amjuaye Omar. Katukaushia nguo motoni na katupa mihogo. Kesho kivuko cha Kilifi, mto ukikubali.

Badi safari nzima kanena neno moja tu. Kauliza kama nimesikia Chiku kakonda.

Jumatano, 13 Mei 1914. Takaungu

Tumefika asubuhi. Kivuko kilitulaza. Mamake Chiku kanipokea mlangoni na jambo la kwanza nililomuuliza, hata kabla ya maji, ni lile la hedhi ya tatu. Bado, asema. Haijaja. Nikamshukuru Mungu nikaketi chini papo hapo na matope yangu.

Chiku kakonda. Alikuwa achagua mchele. Nimemwambia yote na hakuinua uso, vidole vyaendelea kutoa chuya. Nilipomaliza aliuliza: kwa hiyo Wazungu hawali kwa kushoto?

Nikasema hawali kwa kushoto.

Masikini, asema, na tulivyowasema.

Kisha akaweka ungo. Aniuliza kama najua alimjibu nini Badi siku ile, mbele ya msahafu. Nikamwambia nilisikia. Hukusikia yote, asema. Akaniambia yaliyobaki, matusi matupu. Siyaandiki hata hapa. Nimejua kwa nini Badi alikata uzi kwa meno bila kunitazama.

Nimemwambia yuko msikitini, hatua mia hazifiki, angoja neno lake. Nimemwambia kosa langu, Chiku, mimi ndiye niliyesema wallahi, nitaje mimi. Akasema, wewe uliapa, lakini niliyeamini ni mimi. Akaniuliza yule askari wa picha ya kwanza: tangu pale, hujasikia kwa mtu kama alimwomba mkewe radhi? Nikasema hawakuonyesha.

Lete kalamu, akasema.

Nimekunja miguu mkekani. Asema yeye, naandika mimi. *Badi, mume wangu.* Nimeandika. Akasema andika tena, *Badi, mume wangu*. Nikamwambia hilo tayari. Akasema liandike tu. Nimeandika.

Halafu akafungua kinywa, akasita, akashika nguzo. Mkono mwingine ukaenda chini ya tumbo. Kanitazama, mimi tu, jinsi alivyonitazama siku ile gizani boharini. Kasema ningoje kidogo. Kaenda uani.

Nangoja. Karatasi yake iko gotini, mistari miwili. Nimeshika daftari hili kwa sababu mkono hautaki kukaa bure. Omar kakohoa mlangoni mara ya pili: Badi auliza kama kuna neno. Nimesema lipo, laja, asiondoke, mwambie asiondoke!

Mamake katoka jikoni. Aita, Chiku, kulikoni huko uani, mwanangu? Aita tena.

Natega sikio. Nasikia maji yamiminwa.