Siri ya Baba na Kipimo cha Damu

Ilembo, Mpanda
8 Juni

Kaka Malale,

Mwangaluka. Natumaini wewe, shemeji Mariana na watoto hapo Karema mnaamka salama, na ng'ombe bado wanapata majani. Sisi huku tumevuna mahindi, si haba. Mke wangu Ng'washi anawasalimu sana. Nimeamua kuandika kwa sababu kila nikikupigia simu naishia kuzungumzia mvua.

Kaka, nimeumwa. Mwaka jana mkojo ulianza kutoka kwa shida. Nilikaa kimya, hadi siku Ng'washi aliponikuta nimesimama chooni muda mrefu, nimeshika ukuta. Aliniambia nisipokwenda hospitali kwa miguu yangu atawaita majirani wanibebe, na sababu ataitangaza mwenyewe. Nikaenda.

Nilidhani watanivua nguo, kumbe wanaanza na kupima damu tu. Daktari, mama wa Kifipa aitwaye Pudensiana, alinieleza kwamba tezi dume hutengeneza protini fulani, na kidogo yake huingia kwenye damu. Ikipita nne, wanaanza kuuliza maswali. Yangu ilikuwa ishirini na tatu. Nikamuuliza kama hiyo ndiyo kansa yenyewe. Akasema hapana, ni kama nyayo kisimani: unajua mnyama amepita, hujui kama ni ng'ombe au nyati. Hata uvimbe wa kawaida huipandisha. Ndiyo maana nilipelekwa Mwanza, wakachukua vipande vya tezi, wakavipima. Ilikuwa kansa.

Nililia, kaka, tena mbele ya watu. Ila walisema bado haijatoka nje ya tezi. Nikapewa sindano na mionzi. Zile wiki ulizodhani namtembelea mjomba, nilikuwa natibiwa. Baada ya miezi mitatu protini ilishuka hadi tatu. Wiki iliyopita ilikuwa chini ya moja. Daktari hakusema nimepona. Alisema wataendelea kuifuatilia, maana ndiyo itakayowahi kutuambia ugonjwa ukirudi, lakini kwa ilivyoshuka anategemea nitazeeka. Ng'washi alimwomba airudie hiyo habari mara tatu, kisha akapiga vigelegele pale pale kwenye korido.

Sasa ninalokuomba usome ukiwa umekaa.

Mwaka mmoja kabla Baba hajafa, tukinywesha ng'ombe, aliniambia anakojoa damu. Aliniapisha nisikwambie, maana ungempeleka hospitali, wakamvua nguo mbele ya wauguzi wasichana. Niliona aibu kuliko yeye, nikanyamaza. Ulipomkuta amelala kwa maumivu ya mgongo ulimbeba hadi hospitali siku hiyo hiyo, na miaka tisa sasa umekuwa ukijilaumu kwamba ulichelewa. Mbele ya ndugu msibani ulisema hivyo, nami nilikuwa nimekaa pembeni yako. Hukuchelewa wewe. Nilichelewa mimi. Nisamehe, kaka.

Daktari amesema watoto wa kiume wa mtu aliyeugua kansa hii, kama Baba, wako kwenye hatari zaidi. Una miaka hamsini na nane. Usisubiri dalili. Njoo Mpanda Jumatatu ijayo. Nitakupokea stendi, twende pamoja. Kama una hasira na mimi, njoo nayo hivyo hivyo.

Msalimie shemeji, nawe umwonyeshe barua hii, maana wewe nakujua. Mungu awalinde.

Mdogo wako,
Masunga