Tiketi Moja ya Watu Watano

Mama Khadidja, nakusalimu kutoka Cibitoke. Sikuandikii kwa sababu nimekosa wa kuongea naye, maana hapa kila mtu ana ushauri, nakuandikia kwa sababu kila anayenishauri ananiambia ninyamaze, na mimi nimenyamaza mpaka kifua kinaniuma. Naitwa Lisette, nauza vitenge katika duka la mtu pale mtaa wa maduka wa Asiatique, nina mume na watoto wawili, naimba katika kwaya ya kanisa letu. Majina usiyafiche gazetini, nataka aliyenifanyia haya ajijue.

Mwaka jana kanisa moja la Ujerumani lenye urafiki na kanisa letu lilialika watu watano wa kwaya, tukachaguliwa mimi, Jovithe ambaye naimba naye sauti moja, wapiga gitaa wawili, na prezida wa kwaya, Bwana Népomuscène, mzee wa Kanyosha mwenye magari ya taksi, na tangu uwanja wa ndege yeye ndiye aliyeshika pasipoti zetu zote eti zisipotee, na sisi tukampa bila neno kwa sababu ni mkubwa wetu.

Sasa Mama, katika mji ule ule anaishi dada yangu Odette. Sisi ni Wakongomani wa Uvira, baba yetu alipofariki Odette ndiye aliyenilea, aliuza samaki ili mimi nivae yunifomu, halafu tukakimbilia huku, na wakimbizi walipokuwa wanapelekwa Ulaya jina lake likatoka na langu halikutoka, akaenda, na tangu nikiwa msichana wa shule sijamshika mkono, watoto wake nawaona kwa simu tu. Ratiba yetu kule ilijaa nyimbo na makanisa, ikabaki siku moja tu ya mapumziko, na Odette akaomba ruhusa kazini kwa ajili ya siku hiyo.

Kabla ya siku hiyo, mama mwenyeji wetu, mzungu anayesema Kifaransa vizuri, alitukalisha mezani akatueleza habari za treni za mji wao. Akasema kuna tiketi ya safari moja, kila ukipanda unanunua nyingine, hiyo muiache. Kuna tiketi ya siku nzima ya mtu mmoja, unapanda na kushuka unavyotaka, lakini kuna inayoishia katikati ya mji na kuna inayofika mpaka vitongoji vya mwisho. Na kuna ya kundi, karatasi moja kwa watu watano, inafika kote na ni rahisi kuliko kununua tano, ila lazima muende pamoja, mmoja akitoka peke yake na wakaguzi wakamkuta, hana tiketi. Habari za dada yangu alikuwa anazijua, akanigeukia akasema, "Kwako wewe bora ni ile ya peke yako inayofika mwisho wa njia. Uende asubuhi, ukae na dada yako, urudi ukichoka. Nitakununulia mimi." Mama, furaha niliyoisikia! Lakini kabla sijafungua mdomo Népomuscène akacheka, akasema, "Apana mama, sisi tuko familia moja, hatuachane. Tiketi ya kundi. Kwa dada yake tutaenda wote, tumusalimie." Halafu akanitazama. Mama mwenyeji akanigeukia tena akaniuliza, "Lisette, wewe unasemaje?" Nikasema haina shida.

Asubuhi tukatoka na ile karatasi moja mfukoni mwake. Tukaenda kuona kanisa kubwa, tukaenda kuona uwanja wa mpira, tukapanda na kushuka kama watoto, na mimi nimebeba mfuko wa vitu alivyotuma mama yetu, samaki wadogo wa ndagala wakavu na kitenge, kila nikisema "Prezida, twende basi kwa Odette," ananijibu, "Mchana, mchana." Mchana ukafika. Akatuweka kwenye mabenchi mbele ya stesheni kubwa akasema, "Muningoje hapa, kuna mutu namuona pale karibu, narudi sasa hivi." Akaondoka na tiketi, na pasipoti zetu pia anazo yeye.

Tulikaa pale, Mama. Baridi ya kule huijui. Odette anapiga simu, "Mumefika wapi? Bugali iko tayari, sombe iko tayari, watoto wamevaa." Namwambia tunakuja. Anapiga tena, namwambia tunakuja. Jovithe akasema tununue yetu kwenye mashine, lakini mashine inasema Kijerumani, na tukaogopa, tukisema prezida akirudi asitukute itakuwaje. Jua linaanza kwenda ndipo anatokea, anacheka, ameshika mfuko mzito, na ndani ya mfuko, Mama Khadidja, kuna amotisea za gari, vile vyuma vya kuzuia gari lisiruke! Amotisea za taksi yake ya Probox! Alikuwa ameenda kwa mtoto wa ndugu yake kuchukua vyuma, na sisi wanne ametufunga pale kama kuku waliofungwa miguu kwa kamba moja.

Nikaubeba mfuko wangu nikamfuata, kwa sababu hatimaye tulipanda treni ya kwenda kwa Odette. Nilikuwa naangalia majina ya stesheni yakipita kwenye ubao, Odette yuko kwenye simu anasema, "Niko hapa inje na watoto, mukishuka mutatuona." Zilibaki stesheni mbili. Népomuscène akasimama. "Tushuke, tunarudi. Mama mwenyeji anatungoja kwa chakula, tukichelewa ni haya."

Nikamwambia, "Prezida, bado stesheni mbili tu. Nimusalimie dakika kidogo, turudi."

"Lisette, tiketi ninayo mimi. Anayetaka kubaki abaki. Wakimukamata bila tiketi na bila pasipoti, atajieleza mwenyewe."

Wapiga gitaa wakashuka. Jovithe akanishika mkono akisema, "Lisette, twende tu, utaleta matatizo." Nikashuka. Tukavuka upande wa pili tukapanda treni ya kurudi. Odette alipopiga nikamwambia treni zimeharibika, zimesimama zote. Akakata simu. Kisha akaandika, "Watoto wamepigwa na baridi bure. Usinipigie tena." Mfuko wa mama yetu nilimwachia mama mwenyeji akaupeleka kwa posta, najua ulifika, lakini Odette tangu siku hiyo simu yangu hapokei, na mama yetu kule Uvira analia, anauliza watoto wake wamekosana nini.

Ningevumilia, Mama, kweli ningevumilia. Lakini tuliporudi, Jumapili ya kutoa ripoti ya safari, Népomuscène alishika mikro mbele ya kanisa zima akasema, "Mungu ametusaidia, wote tumerudi. Maana kuna mutu mmoja hapa alikuwa na mipango yake, alitaka kutuponyoka abaki Ulaya. Mi nikanunua tiketi moja ya watu watano nikaiweka kwenye mufuko. Hakuna kondoo aliyepotea!" Watu wakacheka, wakapiga makofi. Wakanigeukia mimi, maana Mkongomani katika wale watano nilikuwa peke yangu. Hata dukani wanawake wananiuliza, "Kumbe ulitaka kubaki?" Na mume wangu Honoré, ambaye sijawahi kumficha kitu, tulipofika nyumbani alivua viatu vyake polepole akaniuliza, "Ni kweli ulitaka kutuacha?" Mimi! Niache watoto wangu!

Sasa mwisho wa mwezi huu kuna sherehe ya kwaya, Népomuscène atavishwa kitenge na kushukuriwa kwa safari, na wimbo wa kumshukuru nimepewa mimi nianzishe. Nataka nishike mikro na badala ya kuimba niwaambie habari za amotisea, niwaambie yote, aaibike mpaka akose pa kutokea. Honoré anasema niache. Pasta anasema tuombe. Jovithe anasema mkubwa hasutwi mbele za watu. Wewe unasemaje, niseme, niondoke kwenye kwaya, au ninyamaze mpaka nife?

Lisette, Cibitoke

*

Lisette mwanangu,

Umesema nisifiche majina. Nimeyabadilisha yote, na la kwako pia. Gazeti si kiboko cha kuazimana.

Nianze kwa kukupa haki yako. Ulichofanyiwa ni ubaya. Kushika pasipoti za watu wazima ni ubaya. Kuwaacha watu kwenye baridi ili ukachukue amotisea, halafu kusimama nyumba ya ibada ukageuza uroho wako kuwa ulinzi wa kondoo, hilo halina hata jina. Na ninyi mliokuwa mmekaa kwenye yale mabenchi ya kanisa mkacheka, kama mnasoma hapa, mlimcheka mwanamke aliyenyimwa dada yake. Kakaeni nalo hilo.

Sasa wewe. Mimi ni Mwislamu wa Buyenzi, ya kwaya siyajui, lakini ya watu kukaa kimya mbele ya mkubwa nayajua sana. Mama mwenyeji alikupa tiketi bora mkononi. Ya peke yako, ya siku nzima, inayofika mwisho wa njia, na halipi mtu wa kwenu hata mmoja. Akakugeukia mara mbili! Ukatazama uso wa Népomuscène ndipo ukajibu haina shida. Ilikuwa na shida, Lisette. Shida ilikuwa inakupigia simu toka asubuhi ikiwa imepika sombe. Na pale kwenye treni ulitishwa na kukamatwa, nakubali ulikuwa na sababu ya kuogopa, mtu mweusi bila karatasi ugenini si mchezo. Lakini mwenyeji wako alikuwa na simu, na dada yako alikuwa stesheni mbili mbele na anasema lugha yao. Hukuwa peke yako. Ulikuwa na woga tu.

Na kuna neno umelipitisha haraka katika barua yako kama mtu anayeficha mfupa chini ya wali. Ulimwambia Odette treni zimeharibika. Binti, Odette anaishi pale. Alikuwa amesimama stesheni! Treni zilikuwa zinakuja mbele ya macho yake, zinafungua milango, watu wanashuka, wewe huonekani. Unafikiri amekasirikia baridi? Amekasirikia kwamba mtoto aliyemlea kwa samaki amemdanganya akimuona mjinga. Hilo Népomuscène hakukufanyia. Ulilifanya wewe.

Basi sikiliza. Mikro usiishike. Ukiishika siku ya sherehe, watu watakumbuka kelele zako, atakayeonewa huruma ni yeye mwenye kitenge kipya mabegani, na wale wanaosema ulitaka kutoroka watasema mmeona sasa. Lakini kunyamaza pia nakukataza. Na mtu asikuletee habari za maombi kama kifuniko cha sufuria. Muombe, ndiyo, halafu muinuke muende.

Anza nyumbani kwako, kwa sababu barua yako yote imejaa Népomuscène, na Honoré umempa mistari michache tu. Mume wako anaishi na lile swali. Hakukuuliza kwa ubaya, aliuliza kwa hofu, na hofu ya mume ikiachwa inaoza. Mwite Jovithe na wapiga gitaa wale waje kwako, wapikie chai, wamsimulie Honoré siku yote toka asubuhi, wewe ukiwa umenyamaza. Jovithe akisema anaogopa, mwambie alikushika mkono kukushusha, sasa akushike mkono kukupandisha.

Kisha Honoré akiwa upande wako, na wale watatu, na pasta wenu, nendeni Kanyosha kwa Népomuscène, mchana, kwa heshima, msipige hodi kama askari. Mwambie, "Baba, ulisema mbele ya kanisa kwamba nilitaka kutoroka. Si kweli, na hawa wanajua. Ulilisema kwa mikro, ulifute kwa mikro, kabla ya sherehe." Ishia hapo. Ya amotisea usiyataje, yeye anayajua, na pasta akiuliza Jovithe atasema. Akikubali, mwimbie. Akikataa, rudisha wimbo wao, na uwaambie kwaya siku ya mazoezi, mkiwa mmekaa, kwa nini hutauanzisha. Hapo hutakuwa umemsuta mkubwa. Utakuwa umekataa kumsifu kwa uongo, na hilo hata Mungu wenu na wangu wanakubaliana.

Ninyi wengine mnaosoma na mnaosafiri kwa makundi, kwaya, mpira, arusi, shikeni hili moja: tiketi ya kundi ni nzuri kwa watu wenye safari moja. Ukiwa na mtu wako wa kumuona, chukua ya peke yako hata kama ni ghali zaidi, uulize inafika wapi kabla ya kuinunua, na pasipoti yako ilale kwenye nguo yako mwenyewe. Atakayekasirika akasirike.

Na wewe Lisette, usingoje hayo ya Kanyosha yaishe ndipo umkumbuke Odette. Leo hii mtumie sauti, si maandishi, asikie ni wewe. Mwambie treni hazikuharibika. Mwambie ulikuwa ndani, ulikuwa karibu, uliogopa, ukashuka. Usimtaje Népomuscène, usiseme "lakini." Mwambie ulimdanganya kwa aibu. Halafu uache simu wazi. Inaweza kupita wiki. Siku atakapopiga atakufokea, na mimi naomba akufokee sana. Usijitetee, usilie ili akuhurumie, usimpe simu mtu mwingine. Vuta kiti, ukae, umsikilize dada yako mpaka amalize.

Mama Khadidja