Kwa Nini Babu Yako Huinama

Akheri

Mjukuu wangu Anaeli, mume wangu mdogo,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Usicheke kuitwa mjukuu na mwanamke asiye na mvi hata moja. Babu yako ni kaka yangu mkubwa, mimi ndiye kitinda mimba. Hajambo, na kahawa imechanua.

Umeuliza kwa nini huinama akiingia kwenye karavani yangu, ile nyumba ya magurudumu, na mlango unamzidi urefu.

Karavani hiyo aliachiwa na Mzungu aliyerudi kwao. Paa lilikuwa chini mno, tuliingia tumekunja migongo. "Hiki ni kibanda cha kuku wa Ulaya," kaka alisema. "Jumamosi natia kuku."

Mimi nilitaka mahali pa kusomea peke yangu. Nilikagua kila kona hadi nikakuta tundu la chuma la pembe nne. Nikakumbuka ile hendeli iliyopinda, chuma cha kuzungushia kilichokuja na karavani, ambayo mama aliichimbia chini kumfungia mbuzi.

"Unamfungulia mbuzi wangu kwa ajili ya gari bovu?" mama alifoka.

Kaka aliipaka hendeli mafuta, akaichomeka tunduni, akazungusha. Paa zima likapanda, kuta za turubai zilizooza zikining'inia chini yake. Kaka akanigeukia.

"Haya, mwalimu. Kuku watalala nje."

Turubai jipya alilishona mwenyewe.

Juzi nilimwambia anyooke, paa liko juu.

"Najua," alisema. "Hiyo ndiyo hodi yangu."

Wewe ukija, piga yako unavyotaka.

Bibi yako,
Elifuraha